Kiti cha Mweka Hazina Ndicho cha Kugombea

Jumapili jioni

Uchaguzi wa chama ukikaribia, majina ya wanaotaka uenyekiti hujaa kwenye kundi la WhatsApp, na kiti cha mweka hazina hakitajwi na mtu. Iwe ni chama cha mafundi wa mawe Kayole, cha mafundi wa nondo Githurai, au cha wanakandarasi wadogo wa daraja la NCA 7 na NCA 8 (yale ya chini kabisa ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi), mambo ni yale yale. Mwenyekiti hupata kiti cha mbele na maikrofoni. Ila vyama vya watu wa mjengo havifi kwa kukosa msemaji. Hufa siku mwanachama anapouliza pesa za mwaka jana zilienda wapi, akajibiwa kwa maneno matupu bila karatasi hata moja. Nawaza sana juu ya jambo hili, na ninayoandika ni ya mtu anayekitaka kiti hicho kwa dhati.

Cha kwanza ni katiba. Chama kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108, kina katiba katika faili ya Msajili wa Vyama, Sheria House, Harambee Avenue. Hiyo ndiyo inayohesabika, hata kama kwenye simu za watu inazunguka nyingine. Tafuta vifungu vinavyosema nani ana haki ya kupiga kura, akidi ni watu wangapi, na fomu za wagombea zinatakiwa zimfikie katibu lini. Katiba nyingi hufuata ule mfano wa serikali: notisi ya mkutano mkuu ni siku 21, ikiambatana na hesabu za mwaka, na mwanachama yeyote anaruhusiwa kukagua vitabu vya hesabu na orodha ya wanachama akitoa notisi ya maandishi ya siku 7. Ruhusa hiyo itumie mapema. Andika barua, umkabidhi katibu, naye atie sahihi na tarehe kwenye nakala yako. Ukimpigia simu tu, siku saba zitakuwa mwezi.

Ukishafunguliwa vitabu, anza na kitabu cha risiti kabla ya hesabu zilizopigwa chapa. Fuata nambari za vishina moja baada ya nyingine. Nambari iliyorukwa lazima ielezwe, na karatasi iliyoharibika inapaswa kuwa bado iko ndani, imepigwa mstari na kuandikwa kuwa imefutwa. Tazama mwandiko na wino. Risiti za miezi minane zilizoandikwa kwa kalamu moja, mkono haujachoka, herufi zimelala upande ule ule, ziliandikwa siku moja mtu akijiandaa kwa mkutano. Kisha chukua taarifa ya M-Pesa au ya benki, uoanishe kila mstari na risiti yake kwa tarehe, kiasi na ule msimbo wa herufi na tarakimu kumi. Kazi hii inachosha, lakini mgombea aliyeifanya husimama mbele ya watu akiwa na kitu cha kusema.

Kagua na orodha ya wanachama. Kama katiba haijaweka tarehe ya mwisho ya kulipa ada kabla ya uchaguzi, kuna mtu atalipia watu arobaini usiku wa kuamkia mkutano. Dalili yake ni malipo mengi ya kiasi kimoja kutoka nambari moja ya simu. Pinga kwa maandishi kabla ya siku ya kura, kwa kuwa ukumbini utaonekana unaogopa kushindwa.

Sasa hesabu yenyewe. Tuseme chama kina watu 120 na ada ni shilingi 200 kwa mwezi. Kwenye karatasi hiyo ni shilingi 24,000 kwa mwezi, 288,000 kwa mwaka. Wakilipa nusu, unabaki na 144,000, na humo mna kodi ya ukumbi, nauli za kwenda ofisi za serikali, vifaa vya kuandikia na rambirambi. Mgombea anayeahidi mfuko wa mazishi, mikopo na kiwanja kwa pesa hizo hajafanya hesabu. Panga ada kulingana na mfuko wa fundi. Wengi wa watu wa mjengo hulipwa Jumamosi, kwa hiyo shilingi 50 kila wiki huingia kwa urahisi kuliko 200 mwisho wa mwezi. Januari ni karo, na mvua za Machi hadi Mei husimamisha misingi na umwagaji wa zege. Miezi hiyo usitarajie makubwa, na usimwaibishe mtu kwa kuchelewa.

Pesa za chama kupita kwenye laini binafsi ya kiongozi ni hatari hata akiwa mwaminifu kama nani. Akiwa na deni la Fuliza, ule mkopo wa papo hapo wa M-Pesa, ada ikiingia tu inakatwa kulipa deni lake, na jioni hajui aandike nini kitabuni. Akifariki, pesa za chama zinaweza kuhesabiwa kuwa mali yake. Ahidi Paybill au Till iliyo kwa jina la chama, na uwe umeshajua utakachoulizwa wakati wa kuifungua: cheti cha usajili, PIN ya KRA na kumbukumbu za kikao kilichoidhinisha.

Chama chenye mashine kina shimo la pili. Mashine ya kuchanganya zege na vaibreta za kulishindilia zinakodishwa kwa wanachama kwa bei nafuu, jambo zuri kabisa, lakini bila daftari la kutoka na kurudi zinageuka mzigo. Daftari liseme nani amechukua, saa ngapi, tangi lina mafuta kiasi gani, na pipa liko katika hali gani. Chungulia ndani linaporudi. Zege likigandia kwenye mapanga ya kuchanganyia yaliyo ndani, uwezo wa pipa unapungua, mchanganyiko hautoki sawa, injini inavuta uzito usiokuwa na faida, na anayefuata analipa kodi kamili kwa mashine nusu. Kuosha kunataka maji na kokoto kidogo, pipa likizungushwa dakika chache kabla zege halijashika. Weka amana inayorudishwa pipa likionekana safi. Kwenye kampeni, hoja hii moja huwagusa mafundi kuliko hotuba nzima ya umoja.

Kampeni yenyewe ifanye saa saba, kwenye kibanda cha mama wa chakula karibu na mjengo, watu wakila ugali na madondo. Usiwashike wakati wa kumwaga slabu. Hakuna atakayekusikiliza na nyapara atakufukuza. Beba karatasi moja: pesa zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki, na utakachobadilisha. Usiahidi tenda, kwani mweka hazina hana tenda. Ukiulizwa kuhusu ajali, jibu kwa uhakika: Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awe na bima na aripoti ajali, na kazi ya chama ni kuhakikisha ripoti imetoka, jina la aliyeumia limo, na gharama ya kufuatilia ipo kwenye bajeti. Kuhusu chai na maandazi sina neno. Lakini anayemwaga elfu hamsini kutafuta kiti kisicho na mshahara, wanachama wana haki ya kumuuliza atazirudishaje.

Kura iwe ya siri. Wakenya tunaukumbuka mlolongo wa 1988, kura ya kupanga foleni hadharani, na katika chama cha mjengo ubaya wake unazidi, maana ukumbini wamekaa wanakandarasi na mafundi wanaowaandika kazi. Fundi hawezi kupanga foleni nyuma ya mgombea mwingine huku anayempa kazi Jumatatu anamtazama. Karatasi za kura zigongwe muhuri wa chama, kila kiti kiwe na rangi yake, na idadi yake ilingane na waliolipa na kusaini daftari la mahudhurio. Zilizobaki zihesabiwe mbele ya watu na zipigwe mstari kabla sanduku halijafunguliwa.

Ukishinda, usiondoke bila kumbukumbu za mkutano. Ziwe na tarehe, mahali, waliohudhuria, waliopendekeza na kuunga mkono, kura za kila mgombea, majina kamili na nambari za vitambulisho vya waliochaguliwa, na sahihi. Mabadiliko ya viongozi yanatakiwa kumfikia Msajili ndani ya siku 14, na benki haitabadilisha watia sahihi bila hati hizo. Hapa ndipo ushindi mwingi hukwama: katibu wa zamani amekasirika, kumbukumbu anazo yeye, na akaunti inalala miezi. Omba mapema mkutano uteue mtu wa pili wa kuandika.

Makabidhiano yafanyike benki ikiwa wazi, mchana, kukiwa na mashahidi wawili wasiokuwa wagombea. Chukua taarifa ya akaunti iliyochapishwa siku hiyo, hesabuni fedha taslimu pamoja, andikeni nambari ya risiti ya mwisho iliyotumika na ya kwanza iliyo wazi, kisha mwende mkague mashine, nambari zake za injini ziandikwe. Wote mtie sahihi. Kama kuna pengo, liandikwe hapo hapo kwa tarakimu, kwa sababu kuanzia sahihi hiyo kila shilingi inayokosekana itaulizwa kwako.