Nilivyofufua santuri za stili gitaa ambazo nilishaziandikia kifo

Santuri zenyewe zilikuwa za marehemu mjomba, zipo kwenye boksi moja zito hujapata kuona, na kwa miaka mi nilishakubali kwamba zimekufa. Niliwahi kuijaribu moja kwenye pleya yangu ya kawaida nikasikia mvua inapiga mabati, halafu kwa mbaaali huko chini kitu kama paka analia, nikazima nikarudisha boksi uvunguni. Kilichonifanya nilitoe tena ni kale kawimbo ka 1959, Sleep Walk, kasikokuwa na maneno, kamepigwa kwa stili gitaa, ka ndugu wawili Santo & Johnny, nilikasikia tu mahali nikakumbuka mjomba alikuwa anakapiga mluzi kila akinyoa ndevu. Nikajiuliza, hivi huyu mzee alikuwa anaficha nini kwenye lile boksi?

Kama hujawahi kuliona, stili gitaa unalilaza mapajani au kwenye stendi, nyuzi zimenyanyuliwa juu, hubonyezi kwa vidole bali unapitisha kipande cha chuma juu ya nyuzi ndo maana sauti inateleza na kulia vile. Sifa ya kulianzisha anapewa Joseph Kekuku wa Hawaii, alikuwa bado kijana wa shule, miaka ya mwisho mwisho ya 1880. Likaja onyesho kubwa la San Francisco la 1915, Wamarekani wakapagawa na muziki wa Hawaii, kampuni za santuri nazo zikakimbilia kurekodi. Boksi la mjomba lilikuwa limejaa mambo ya kuanzia hapo.

Sasa nianze na ujinga wangu. Santuri zilikuwa na vumbi na ukungu, mi nikachukua pamba na spiriti nikaanza kufuta kwa mbwembwe. Ile ya kwanza tu ikabadilika rangi, ule weusi wa kung'aa ukawa kijivu na pamba ikatoka nyeusi ti! Santuri za spidi ya 78, yaani mizunguko 78 kwa dakika, hazijatengenezwa kwa plastiki ya hizi za baadaye, zina shelaki, aina ya utomvu wa wadudu, na shelaki inayeyuka kwenye spiriti, yaani nilikuwa nafuta muziki wenyewe. Upande mmoja ukaenda na maji. Tangu siku hiyo ni maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, brashi laini, lebo ikae kavu, halafu unaiacha ikauke yenyewe, hakuna haraka.

Usafi ulisaidia kidogo ila mvua ya mabati ikabaki palepale. Hapa ndo nilipoteza wiki kadhaa nikilaumu santuri wakati kosa lilikuwa sindano. Sindano ya santuri za kawaida ncha yake ni nyembamba mno kwa mfereji wa 78, inazama mpaka chini kabisa ambako kuna uchafu wote wa tangu enzi hizo, ikikwangua huko unasikia kelele tupu. Inatakiwa ya inchi 0.003 hivi, nene kama mara tatu au zaidi, ambayo inakaa katikati ya kuta za mfereji, sehemu ambayo ikibahatika haijaliwa sana. Nilipoibadilisha nikaweka santuri ileile niliyoizima miaka ile. Aisee. Paka akawa gitaa. Nilikaa chini kabisa, sakafuni, nikairudia kama mara nne.

Kitu kingine kilichopunguza kelele, na hiki ni cha bure, ni kuunganisha chaneli ya kushoto na ya kulia ziwe moja kwenye kompyuta. Muziki wa 78 umechongwa kwa kwenda pembeni tu kulia na kushoto, kwa hiyo yale makelele ya sindano kuruka juu na chini yanakatana yenyewe. Programu za kufuta mikwaruzo nilizitumia mwanzoni nikaacha maana zinafuta na ule mguso wa chuma kwenye uzi, unabaki na sauti imepakwa mafuta. Afadhali mikwaruzo.

Halafu spidi. Unaona imeandikwa 78 unadhani ni 78, wapi! Columbia za zamani zile nyingine ni 80, na fundi wa siku hiyo mashine yake inaweza kuwa imekimbia au imelala. Kwenye gitaa hili spidi ikikosewa mtetemo wa mkono unageuka, mtu anasikika kama ana homa. Nilichofanya ni kusikiliza nyuzi zikipigwa wazi bila chuma, maana wapigaji wengi wa Kihawaii enzi zile walityuni kwenye noti ya A, sasa wimbo ukiangukia katikati ya A na nusu ya juu yake unajua kabisa spidi imezidi. Nusu moja ya sauti ni kama asilimia 6, kwa hiyo 78 ikisogea mpaka 82 na kitu ushapanda nusu nzima. Nilikuwa nashika gitaa langu la kawaida mapajani, natyuni, nasogeza spidi kidogo kidogo mpaka tunakubaliana mi na marehemu.

Moja ilinipa raha kuliko zote, lebo imechunika haisomeki kitu, ila pale karibu na lebo kwenye sehemu isiyo na mifereji kuna namba imegongwa, mbele yake herufi W. Hiyo W kwenye Columbia maana yake imerekodiwa kwa umeme, kwa hiyo siyo kabla ya 1925. Nikamulika tochi kwa ubavu nikasoma namba yote, nikaitafuta kwenye ile orodha ya rekodi za kale inayotunzwa na Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ikatoka Sol Hoʻopiʻi, mpigaji wa stili gitaa wa Hawaii, na wenzake wawili. Jamaa anapiga mbio, anakatiza, anarudi nyuma ya mdundo, anacheka na nyuzi, wakati mi miaka yote nadhani muziki wa Hawaii ni wa kulalia usingizi tu!

Baada ya hapo masikio yakaanza kufunguka. Sasa naweza kubahatisha umri wa rekodi bila lebo. Zikisogea pamoja sauti zote za kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa mkupuo), hicho ni chuma peke yake. Ukisikia moja inapanda kwenye kodi huku zingine zimetulia tuli, mara nyingi hapo mtu anakanyaga pedali inayovuta uzi, mtindo ambao ulishika moto baada ya Bud Isaacs kuupiga kwenye wimbo wa Webb Pierce wa 1954, kila mpigaji wa Nashville, mji wa muziki wa kantri Marekani, akataka pedali zake. Jerry Byrd, mpigaji mwingine mkubwa wa stili gitaa, yeye aligoma, akabaki na chuma chake mpaka mwisho, na kusema kweli mi niko upande wake, ingawa kuna santuri ya Speedy West, mtu wa pedali, humo bokisini inanitikisa msimamo.

Nimeshaingiza 31 kwenye kompyuta. Ile niliyoiharibu na spiriti nimeingiza upande mmoja uliobaki, nzuri hiyo, inauma. Na kuna moja bado inanishinda, haina lebo, namba imefutika, na sauti yake inakaa katikati kabisa ya noti mbili, nikipandisha inakubali, nikishusha inakubali vilevile. Nina faili zake mbili. Ile ya chini mpigaji ana huzuni, ile ya juu anajidai, na mjomba ambaye angeniambia ipi ni ipi ndo hayupo.