Daftari la matumizi, Ilazo

Dodoma, Jumapili, 27 Julai 2025

Upepo umevuma tangu alfajiri. Julai ya Dodoma ina baridi ambayo hakuna aliyenionya kabla sijahama, na vumbi lake hupenya hata pale ulipokwisha ziba kwa tambara. Nimefuta meza mara mbili kabla ya kukaa kuandika, na bado nikipitisha kidole kwenye jalada la daftari kinaacha mstari.

Daftari lenyewe ni kaunta buku, lile la jalada gumu. Nililinunua wiki ya kwanza nilipofika, Agosti mwaka jana, nikalichora safu mbili: kushoto shilingi za Tanzania, kulia za Kenya. Mimi ni mhasibu, tena mtoto wa Changamwe, Mombasa, na mambo hayo mawili yakikutana hakuna senti inayopita bila kuhojiwa. Ijumaa, tarehe mosi, mzee mwenye nyumba anakuja kuchukua kodi. Ndiyo maana nimelifungua leo, nijue nimesimama wapi.

Mstari wa kwanza ni nauli. Treni ya SGR, Dar es Salaam hadi Dodoma, 31,000. Ilikuwa haijatimiza mwezi tangu ianze kufika huku, na abiria wenzangu walikuwa wakipigana picha kila kituo. Mimi nilikaa dirishani nikigawa kwa 20 nipate shilingi za Kenya, kama nilivyogawa kila kitu miezi ile. Nikapata 1,550. Nairobi hadi Mombasa, daraja la kawaida, ni 1,500. (Yetu ilianza 2017, hilo nililisema kwa sauti. Jirani wa kiti akanijibu kuwa ya kwao inatumia umeme, nami nikatazama nje.) Nikajiambia: basi maisha ya huku ni yale yale ya kwetu, nitaishi.

Mstari wa pili ni nyumba.

Kwetu unaingia kwa kodi ya mwezi mmoja na amana ya mwezi mmoja. Baada ya hapo, kila mwanzo wa mwezi unatuma kwa simu, na mwenye nyumba unaweza usimwone mwaka mzima. Unayemjua ni msimamizi wa ploti. Huku nilikabidhiwa kwa dalali. Alinizungusha siku mbili, Kisasa, Ipagala, Ilazo, kwa bajaji ambayo nauli yake nililipa mimi, na alikuwa na lugha yake. "Dada, hii ni masta moja, chumba kingine, sebule, jiko, ipo ndani ya fensi, luku yake." Kila neno nililielewa peke yake, sentensi nzima ikanipita. Luku yake maana yake mita ya umeme huchangii na mpangaji mwenzio, na nilikuja kujua kuwa katika maelezo yote yale hilo ndilo lililokuwa la maana kuliko marumaru.

Bei ilikuwa 350,000 kwa mwezi. Nikatoa simu nilipe. Dalali akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa viatu kinyume.

"Dada, huku tunalipa miezi sita."

Sita mara 350,000 ni 2,100,000. Ongeza mwezi mmoja wa dalali, 2,450,000. Nilikaa kwenye ngazi za baraza ile ambayo bado haikuwa yangu, nikagawa kwa 20, nikapata 122,500, nikagawa tena labda nimekosea. Nilikuwa nimekuja na akiba ya kuishi miezi mitatu. Nilimpigia simu kaka yangu kabla sijampigia mwajiri.

Mwajiri nilimpigia pia. Wenzangu wawili waliotoka Ulaya kwa mkataba wanapewa posho ya makazi. Mimi nikaambiwa kwa upole kuwa posho ile ni ya wageni, na mtu wa Afrika Mashariki yupo nyumbani. Neno tamu. Nimelirudia mara nyingi mwaka huu, hasa nikiwa kwenye foleni ya kibali cha kazi na kile cha ukaazi, ambako hakuna aliyeniambia niko nyumbani. Kibali cha kazi hakizidi miaka miwili, kisha unakihuisha. Mmoja wa wale wawili anakaa Area D, nyumba ambayo kodi yake ilikuwa ikitajwa kwa dola mpaka kanuni za Machi mwaka huu zilipokataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Alikuja ofisini analalamika kuwa sasa inabidi apige hesabu kwa shilingi. Nilimwonea huruma kidogo sana.

Kuhusu miezi sita, msimamo wangu haujabadilika: ni mzigo kwa anayeanza kazi, na ndiyo sababu vijana wengi ninaofanya nao kazi wanalala wawili wawili chumba kimoja. Ila jirani yangu, Mama Neema, alinionyesha namna yeye anavyoubeba. Ana kibubu cha mbao, kimepigiliwa misumari, kipo chini ya kitanda. Kila jioni akifunga genge lake anatumbukiza kitu. Miezi sita ikifika anakivunja kwa nyundo, analipa kodi, ananunua kingine. Nilimwambia benki ingempa riba. Akaniuliza: "Na benki ukienda usiku mtoto anaumwa, si wanakupa?" Yaani kwake ubora wa kibubu ni kwamba hakitoi. Nami nina changu sasa. Nimekitikisa leo, ni kizito, lakini noti za mia tano zimekwisha, siku hizi ni sarafu, na sarafu hudanganya mkono.

Umeme. Hapa daftari lina mistari mingi na alama za kuuliza pembeni. Mwezi wa kwanza nilinunua luku, yaani umeme wa kulipia kabla, ya 10,000, zikaja zile tarakimu 20, nikaziingiza kwenye mita, ikasoma uniti chini ya 24. Mama Neema, ukuta kwa ukuta, ananunua ya 9,150 anapata uniti 75 kamili. Nilidhani mita yangu mbovu. Kumbe yeye yuko kwenye ile wanayoiita tarifu 4, ya watumiaji wadogo, uniti moja 122 na kodi zake ndani. Mimi nimewekwa kwenye tarifu ya kawaida, ambayo ni karibu mara tatu. Hilo nikalimeza. Lakini kulikuwa na 1,500 nyingine iliyokatwa juu ya hapo, na risiti ikasema kodi ya jengo.

Jengo la nani?

Nikasubiri. Mzee alipokuja Februari kuchukua miezi sita ya pili, nilimwandalia chai, tukasalimiana vizuri, shikamoo, marahaba mwanangu, habari za Mombasa, bahari haijambo. Kisha nikamfungulia kaunta buku. Nikamwonyesha 1,500 mara sita, 9,000, na nikamweleza kuwa kodi hii ni ya mwenye jengo, mpangaji anaitanguliza tu. Alivaa miwani akasoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata. Akasema, "Hesabu yako sahihi kabisa, mwanangu." Akainuka, akachukua kodi yake yote bila kupunguza hata mia, akaondoka.

Wiki mbili baadaye alirudi na pikipiki, nyuma kafunga ndoo ya lita ishirini. Zabibu, nyeusi, za shambani kwake Hombolo, zingine bado zina jani. Akaiweka barazani. "Kodi ya jengo hiyo." Sikujua niiandike wapi. Mwishowe nikaandika: Mzee, 9,000, zabibu ndoo moja, imelipwa. Sokoni Majengo ndoo ile isingenunulika kwa 9,000, kwa hiyo kihasibu nadhani mimi ndiye ninayedaiwa. Sasa ameshalimbikiza 9,000 nyingine, na mavuno ya pili ya mwaka yanakuja Agosti na Septemba. Nimeshaiosha ndoo.

Chai niliyomwandalia ilinifundisha na mengine. Maji ya mji huu mengi yanatoka kwenye visima vya Mzakwe, na yana chumvi yake. Mtoto wa Mombasa maji ya chumvi hayanishangazi, tumekua na visima vya chumvi na maji ya mkokoteni. Kinachonishangaza ni kuyakuta hapa, bahari iko zaidi ya kilomita mia tatu. Birika langu la umeme lina ukoko mweupe ndani, unabanduka vipande vipande kama rangi ya ukuta wa zamani, na kipande kikielea kwenye kikombe mgeni anajifanya hajakiona. Nausugua kwa limau kila Jumamosi. Ya kunywa nanunua. Ya kuoshea nywele, mvua ikinyesha, nakinga, lakini mvua hapa ikishakata Aprili unaisubiri mpaka karibu Desemba.

Wiki ile ya mgao, mabomba yakiwa makavu siku ya tatu, nilimsimamisha kijana mwenye guta nikamwambia naomba aniletee mitungi kumi. Akanitazama. "Kumi? Midogo au mikubwa?" Ya lita ishirini, nikasema. "Dada, gesi haipimwi kwa lita." Kwetu mtungi ni wa maji. Huku mtungi ni wa gesi, na chombo cha maji ni dumu. Alicheka mpaka akakaa kwenye guta lake, kisha akaleta madumu kumi, 500 kila moja, na tangu siku hiyo kila ninapokatiza mtaani Ilazo ananiita Dada Mitungi. Nimeipitia safu ya kulia mwezi ule: ina mapengo. Kufikia Machi imebaki mstari uliochorwa tu.

Genge la Mama Neema ndilo shule yangu. Pojo ya kwetu huku ni choroko. Minji ni njegere. Dania ni giligilani. Bei nazo zina majina. Siku ya kwanza niliuliza nyanya fungu kiasi gani, binti aliyekuwa akimsaidia akasema "buku." Nikamjibu kuwa daftari ninalo tayari, nataka nyanya. Buku ni elfu, jero ni mia tano. Hakuna aliyeniandikia hayo kwenye barua ya ajira.

Na ilikuwa "nataka" iliyoniponza zaidi. Mama Neema aliniambia baadaye, tukishazoeana, kuwa wateja wake wengine waliuliza yule dada ana hasira na nani. Kwetu ukisema nataka nyanya umesema unataka nyanya. Huku unaomba, hata pesa ukiwa umeishika mkononi. Mimi niliyejisifu kuwa Kiswahili ni changu cha kuzaliwa, nikakaa kwenye kigoda nifundishwe kusema naomba. Nikamuuliza, je, nilikuwa nauziwa ghali? Akasita. Bei, akasema, ni ile ile, buku. Ila fungu la wengine lilikuwa na nyanya sita, langu nne. Basi muda wote ule nilikuwa nakagua safu isiyo na kosa. Siku hizi ananipangia sita, na anaongeza moja juu iliyobonyea kidogo.

Mengine nayapita haraka. Bodaboda wangu hupandisha nauli kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wakitangaza bei za mafuta, na huwa hashushi zikishuka. Kwetu siku hiyo ni tarehe 14, tabia ni ile ile. Kuna mtaa hapa unaitwa Kikuyu. Nilipomwambia mama akauliza, "Wamefika mpaka huko?" Barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa niliyoombwa nilipofungua akaunti ilinigharimu asubuhi mbili, kwa sababu niliulizwa mjumbe wangu wa nyumba kumi ni nani na sikujua kama ninaye. Mama Neema alifunga genge akanipeleka kwa mkono. Hiyo asubuhi yake sikuiandika popote, na imenikera leo nilipogundua.

Jumla ya kibubu bado siijui; nitakivunja Alhamisi usiku, Mama Neema ameahidi kuleta nyundo.

Saa moja jioni mama amepiga, kama kila Jumapili, kunijulisha kuwa ile pesa niliyomtumia kwa M-Pesa imefika salama na kunilalamikia makato kana kwamba nayakata mimi. Akaniuliza nimepika nini. Nikamwambia choroko. Akanyamaza kidogo, akasema hiyo haijui. Akauliza na nyanya huko sasa ni pesa ngapi.

"Buku, mama."

"Buku? Wanunua nyanya kwa vitabu?"