Balbu ghali za taa za mbele: pima volti kabla ya kulipa

Boksi la H7, aina ya balbu ya taa za mbele, likiandikwa "+150%", usidhani mwanga utakuwa mara mbili na nusu. Kanuni ya R37 ya Umoja wa Mataifa kuhusu balbu za magari inaibana H7 ya kawaida na ya ghali kwenye kiwango kimoja: lumeni (kipimo cha mwanga) 1,500 kwa volti 13.2, ikizidi au kupungua asilimia 10. Hiyo 150 hupimwa sehemu chache tu za barabara, ikilinganishwa na kima cha chini cha kisheria.

Tofauti ipo, lakini. Uzi unaowaka ndani ya balbu ghali ni mfupi na umekaa mahali pake sawasawa, kwa hiyo rifleta, yaani bakuli la taa linaloakisi mwanga, inautupa mwanga mbali zaidi. Uzi huo pia huwaka kwa joto kali zaidi, hivyo huungua mapema, mara nyingi kabla ya nusu ya muda wa balbu ya kawaida. Anayesafiri usiku njia kuu anunue. Anayewasha taa mchana kutwa abaki na ya kawaida. Zenye kioo cha buluu achana nazo kabisa: rangi hiyo inakula mwanga.

Kabla ya yote, washa injini na taa, pima volti kwenye betri, kisha nyuma ya soketi ya balbu ikiwa imechomekwa. Zikishuka kutoka 13.2 hadi 12, zaidi ya robo ya mwanga imepotea, na hakuna balbu itakayoirudisha. Anza na waya wa hasi pale unapofungwa kwenye bodi. Kutu hukaa hapo. Kama nyaya ndizo nyembamba, weka rilei (swichi zinazoendeshwa na umeme) za ampea 30, waya wa milimita za mraba 2.5 na fyuzi ya ampea 20 karibu na betri. Angalizo: Toyota nyingi za zamani zenye H4 (balbu moja yenye taa za juu na za chini) hukata umeme upande wa hasi, kwa hiyo mchoro wa gari lingine utakupoteza. Balbu za wati 100/90 (taa za juu/za chini) zinaweza kuyeyusha soketi. Betri ikisoma zaidi ya 14.8, tengeneza alteneta kwanza, la sivyo utaunguza balbu mpya kila mara.

Kioo cha taa kilichogeuka njano kisugue kwa msasa wa maji namba 1000, 2000, kisha 3000, halafu pulizia vanishi ya kuzuia jua. Bila vanishi kitarudi njano upesi.

Badili balbu zote mbili pamoja, usiguse kioo chake kwa vidole. Paki mita 10 kutoka ukutani: kwa magari mengi madogo, mstari wa taa za chini uwe sentimita 10 chini ya usawa wa taa.