Siku moja maishani mwangu: Dodoma, kishindo cha "ndiyo" na neno moja

Saa 11:40 alfajiri. Upepo wa Dodoma haubishi hodi. Umeshapita dirishani na kuacha vumbi juu ya kompyuta niliyoifuta jana usiku. Naifuta tena, nabandika chai, nafungua Orodha ya Shughuli za Leo. Kwa asiyeijua, hiyo ndiyo ratiba ya kikao cha Bunge: dua, hati za kuwasilishwa mezani, maswali, halafu shughuli zenyewe. Macho yangu yanaruka yote hayo na kutua sehemu moja tu, "Miswada ya Sheria ya Serikali". Upo. Kusomwa Mara ya Pili, yaani leo unajadiliwa. Usingizi unaishia hapo.

Kazi yangu nyumbani hawajaielewa mpaka leo. Mama aliposikia nashinda na mambo ya Bunge aliwatangazia wenzake wa kwaya kwamba binti yake ameingia Bungeni, na wawili wakaleta barua za kuomba kazi. Ukweli ni kwamba nipo ofisi ndogo ya mawakili, na kazi yangu ni kufuatilia miswada kwa niaba ya wateja: wasafirishaji, wenye shule binafsi, wauza dawa za mifugo. Nawaambia muswada umefika wapi, umebadilika nini, na lini utaanza kuwagusa mfukoni.

Wa leo ni wa marekebisho ya sheria mbalimbali, na katika miswada yote huu ndio unaoninyima raha. Muswada wenye jina lake, wa bima au wa uchaguzi, una wenyewe: magazeti yataandika, wanaharakati watapiga kelele, hata bodaboda atakuuliza. Huu ni kama kapu la sokoni. Juu nyanya, chini vitunguu, na chini kabisa kuna kisu. Unagusa sheria nyingi kwa mpigo, kila sehemu ibara mbili tatu, na mtu anayehusika na ibara ya 14 hana habari kabisa kama kuna muswada.

Saa 1:15 asubuhi. Chai mkononi, nafungua faili langu. Ni jedwali la Excel tu, lakini ndilo linalonipa ugali. Kila mstari ni ibara moja. Safu ya kwanza ni maneno ya sheria ilivyo sasa, ya pili maneno ya muswada, ya tatu maoni ya wadau kwenye kamati. Ya nne iko wazi, inasubiri leo. Tangu Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2021, lugha ya sheria zetu ni Kiswahili, na mimi nilishangilia. Sikujua kwamba muswada ukija kwa lugha mbili nitalazimika kuusoma mara mbili, maana penye Kiswahili na Kiingereza kuna nafasi ya neno kuteleza. Halafu Julai 2025 likaanza kutumika Toleo la Urekebu la 2023, yaani sheria zote zilizopangwa na kuchapwa upya, ikabidi nipitie upya namba za vifungu kwenye mafaili yangu yote. Siku ile sikula mchana.

Katika muswada huu wateja wangu wasafirishaji wana shida na neno moja. Ibara inayowahusu inaweka faini "isiyopungua shilingi milioni tano". Isiyopungua. Maana yake hakimu hata akikuhurumia, hata kama kosa lenyewe ni karatasi iliyopitwa na wakati siku mbili, hawezi kushuka chini ya hapo. Ingeandikwa "isiyozidi", milioni tano ingekuwa dari. Hakimu angeweza kukutoza laki mbili mkaagana salama. Wiki mbili zilizopita, kamati ilipowaita wadau, tulikwenda na ukurasa mmoja kuomba neno hilo libadilishwe. Wajumbe walisikiliza, wakauliza maswali mazuri, wakashukuru. Kushukuru hakuna safu kwenye Excel yangu.

Saa 2:30. Bodaboda hadi ofisini. Chapati mbili njiani.

Saa 3:00. Dua. Hansard zote, kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, zinaanza hivyo hivyo, na mimi nimezisoma nyingi hadi naota maneno ya kwenye mabano: (Makofi), (Kicheko), (Hoja iliamuliwa na Kuafikiwa). Muda wa maswali kwangu ni wa kujibu barua pepe, ingawa sikio moja naliacha pale. Waziri akiulizwa lini Serikali italeta sheria fulani akajibu "katika mkutano ujao", naandika tarehe kwa penseli. Kwa penseli, kwa sababu nimefundishwa adabu. Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote ulisomwa mara ya kwanza Septemba 2022. Ripoti zangu zilizofuata ziliahidi mkutano ujao, tena na tena, mpaka mteja mmoja akaniuliza kama nanakili ya mwezi uliopita. Ulipita Novemba 2023.

Saa 5:05. Mtoa hoja, anayewasilisha muswada kwa niaba ya Serikali, anasimama. Hotuba ni ndefu, na sehemu kubwa ni kueleza madhumuni na sababu ambazo zimeshachapwa mwishoni mwa muswada. Ninachosubiri ni sentensi moja: kwamba Serikali imezingatia ushauri wa Kamati na imeleta Jedwali la Marekebisho, yaani orodha ya mabadiliko kwenye muswada. Ikitamkwa hiyo, muswada niliousoma wiki tatu umeshakuwa karatasi ya zamani.

Imetamkwa.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Mwananchi anapakua muswada, anausoma, anakasirika au anafurahi, kisha anasikia "umepita" na kuamini kilichopita ni alichokisoma. Sivyo. Kilichopita ni muswada pamoja na jedwali, na hicho kijedwali kisicho na picha wala jalada ndicho kinachoamua. Mnakumbuka miswada ya uchaguzi? Novemba 2023 uliingia Muswada wa Sheria ya Tume ya Taifa ya Uchaguzi. Januari 2024 wadau wakaja Dodoma mbele ya Kamati ya Utawala, Katiba na Sheria. Februari ikapita Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Neno "Huru" halikuwemo kwenye jina la muswada ulioingia. Kama neno hilo moja linatosha kuifanya tume iwe huru, huo ni mjadala wa watu wenye mshahara mkubwa kuliko wangu. Mimi nasema tu lilikoingilia.

Saa 5:25. Nimelipata jedwali. Kurasa nne, lugha ile ile ya siku zote: "kwa kufuta neno... na badala yake kuweka neno...". Natelezesha hadi ibara yetu. Katika aya ya (a), kwa kufuta neno "isiyopungua" na badala yake kuweka neno "isiyozidi".

Nilipiga meza mpaka wakili wangu akatoka chumbani kwake na miwani mkononi.

"Kuna nini?"

"Wamekubali, bosi!"

Akaja, akavaa miwani, akasoma polepole kama anavyosoma mikataba ya watu asiowaamini. Akaniuliza swali moja tu: "Na aya ya (b)?"

Aya ya (a) inahusu mtu binafsi. Aya ya (b) inahusu kampuni. Jedwali halijaigusa. Kampuni bado ni "isiyopungua", na kwa kiwango kikubwa zaidi. Nikakaa.

Saa 7:20 mchana. Wali, maharage na mchicha kwa mama ntilie karibu na Nyerere Square. Mama huyu anajua ratiba ya Bunge kuliko waandishi wengine. Bunge likiwa mjini anaongeza sufuria.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ile bima yetu imefikia wapi?"

Namweleza kwamba sheria ilishapita na Rais akasaini. Anasema yeye hakuuliza kupita, ameuliza imefikia wapi. Nikala kimya.

Simu inaita, ni mwenyekiti wa wasafirishaji. Yeye kila mara anapiga wakati nina tonge mdomoni.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba binti yangu. Tumepona?"

"Nusu, Mzee."

"Nusu ndiyo nini? Mtu anapona nusu?"

Namweleza aya mbili. Anataka kujua kama kuna mlango mwingine. Upo: mbunge naye anaweza kuleta jedwali lake la marekebisho, na nimesikia mmoja ameleta linalogusa aya ya (b). Sijamwomba, simjui, wala sijui kama atasimama. Mzee anasema atafunga na kuomba.

Saa 9 hadi 11 jioni. Wabunge wanachangia, nami nachuja. Wengi wanaunga mkono hoja kabla hawajasema wanachounga mkono. Kuna mmoja alizungumza barabara ya jimboni kwake dakika zake zote, kisha akakumbuka muswada kengele ilipolia. Sijamlaumu, barabara mbovu nazo zinaua.

Katikati, mwenzangu wa Zanzibar anaandika: "Na sisi unatuhusu?" Swali fupi, jibu linataka umakini. Sheria ya Bunge haitumiki Zanzibar ila kwa masharti ya Katiba, na moja la kutazama ni kama inahusu mambo ya Muungano, na kapu kama hili lina vya Muungano na vya Bara tupu vimelala pamoja. Namtumia orodha ya ibara tatu, mengine namwambia alale salama.

Saa 11:50 jioni. Mtoa hoja amehitimisha, na sasa inakuja saa ninayoiogopa: Kamati ya Bunge Zima, wabunge wote wakipitisha muswada ibara kwa ibara. Ukiwa unasikiliza bila kuona picha, utaijua kwa masikio. Spika akishuka kitini kuongoza kamati anakuwa Mwenyekiti, kwa hiyo "Mheshimiwa Spika" inageuka ghafla kuwa "Mheshimiwa Mwenyekiti". (Mtego: siku ambayo kikao chote kinaongozwa na mmoja wa Wenyeviti wa Bunge, ni "Mheshimiwa Mwenyekiti" tangu asubuhi, na mgeni anadhani muswada umekimbia.)

Asubuhi nzima watu wamezungumza kwa mwendo wa mkokoteni. Hapa sasa ni treni ya umeme. Ibara ya 1, wanaoafiki, ndiyo, imepita. Ibara ya 2, imepita. Ibara ya 3, pamoja na marekebisho yake, imepita. Mkono wa kulia unabonyeza, wa kushoto unashika jedwali, chai imepoa tangu ibara ya 5. Ukipiga chafya umepoteza sheria moja ya nchi.

Ibara yetu inaitwa. Yule mbunge anasimama! Anasoma marekebisho yake: aya ya (b), kufuta "isiyopungua", kuweka "isiyozidi", ili kampuni ndogo yenye gari moja isiadhibiwe kama yenye magari mia. Nikajikuta nimesimama na mimi, peke yangu, mbele ya kompyuta. Serikali inapewa nafasi. Inaeleza kwamba kampuni ina uwezo tofauti na mtu binafsi, na kwamba adhabu nyepesi itageuzwa gharama ya kufanyia biashara. Hoja si mbovu, lazima niseme. Mwenyekiti anamuuliza mbunge kama ameridhika. Kimya cha sekunde mbili hivi. "Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa maelezo hayo naondoa."

Inaafikiwa. Twende ibara inayofuata.

Saa 1:10 usiku. Bunge limerudia, taarifa imetolewa kwamba kamati imemaliza kazi yake, muswada unasomwa mara ya tatu. Kishindo cha "ndiyo". Makofi.

Saa 2:00 usiku. Ripoti kwa wateja. Nina sheria yangu mwenyewe kuhusu ripoti: mistari mitatu juu kabisa, "Umepita", "Umesainiwa", "Imeanza kutumika", na siruhusiwi kujaza mstari wa pili kwa furaha ya mstari wa kwanza. Niliitunga baada ya kuumbuka. Novemba 2022, Bunge lilipopitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, mimi mgeni kazini niliandika usiku ule ule kwamba sheria imeanza. Mteja akaingia gharama ya kubadilisha fomu zake zote mwezi huo huo. Sheria ilianza kutumika Mei 1, 2023. Barua aliyomwandikia wakili wangu bado ninayo, naisoma nikianza kujiona mjuzi.

Na si kwamba saini ni hakika. Katiba yetu, ibara ya 97, inampa Rais nafasi ya kukataa na kuurudisha muswada Bungeni pamoja na sababu. Rafiki yangu wa Nairobi, anayefanya kazi kama yangu, aliyaona hayo kwa macho: Mswada wa Fedha wa 2024 ulipitishwa Juni 25, vijana wakiwa barabarani, na kesho yake Rais akatangaza hatausaini. Aliniambia alikuwa ameshatuma ripoti. Nikamwambia karibu chamani.

Kwa hiyo leo nimejaza mstari mmoja. Iliyobaki ni kusubiri saini, kisha kila Ijumaa kufungua Gazeti la Serikali kutafuta namba ya sheria na tarehe ya kuanza.

Saa 4:15 usiku. Nimezima taa. Simu inawaka, Mzee kwenye WhatsApp.

"Binti yangu, lori langu likikamatwa kesho?"

"Kesho bado ni sheria ya zamani, Mzee. Muswada haujasainiwa."

"Na ukishasainiwa na kuanza?"

"Inategemea. Kadi ya lori ina jina lako au la kampuni?"

Naona anaandika. Anafuta. Anaandika tena.

"La kampuni. Mlituambia wenyewe tusajili."