Kabureta ya PZ27: kuifungua mara ya kwanza bila kuiharibu

Pikipiki nyingi za Kichina zinazopiga bodaboda, zile za injini ya CG ya 125 na 150, zinatumia kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia injini) za ukoo mmoja: PZ26, PZ27 au PZ30. Injini yenyewe ni mtoto wa Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976. Kwa anayeanza, hakuna kabureta nyepesi kuliko hii: slaidi moja (kipande kinachopanda na kushuka ukizungusha resi), jeti mbili (vipande vya shaba vyenye tundu la kupimia mafuta), boya, sindano mbili (ya boya na ya slaidi) na skrubu mbili za nje. Ukiielewa hii, nyingine hazitakutisha.

Kwanza hakikisha kosa ni la kabureta. Pikipiki ikimisi (mlio ukikatakata) au ikikosa sailensa (kuunguruma taratibu bila kuzungusha resi), kila mtu hukimbilia kuifungua, kumbe chujio la hewa limejaa vumbi, plagi imechoka, au valvu zimebana. Valvu za CG hupimwa injini ikiwa baridi: milimita 0.08, ya kuingiza na ya kutoa. Halafu chomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa, fungua koki (bomba la kufungia mafuta chini ya tenki). Mafuta yakitoka kwa kudondoka badala ya kutiririka, kosa liko juu: chujio la koki, au tundu la hewa la mfuniko wa tenki. Fungua mfuniko, mtiririko ukikolea papo hapo, umepata mchawi wako.

Ikibaki kabureta, tayarisha spana namba 10, bisibisi bapa mbili (moja nyembamba ya jeti ndogo), bisibisi ya nyota inayojaa sawasawa kwenye kichwa cha skrubu, dawa ya kupuliza ya kusafishia kabureta, kitambaa cheupe na miwani. Miwani si mapambo: dawa hiyo inaingia tundu moja na kurudi kupitia lingine, moja kwa moja machoni. Fanyia kazi nje, mbali na jiko na sigara. Skrubu za bakuli la chini zinapenda kung'ang'ania, na bisibisi iliyolika inazimaliza vichwa mara moja. Bonyeza kwa nguvu kwanza, ndipo uzungushe. Ikigoma, weka bisibisi juu yake na uigonge kidogo kwa nyundo.

Funga koki, mwaga mafuta ya bakuli kupitia skrubu ya chini, legeza klipu ya mpira wa chujio la hewa, kisha fungua nati mbili za kwenye manifoldi (mrija unaounganisha kabureta na injini). Mfuniko wa juu unafunguka kwa mkono na unatoka na slaidi ikining'inia kwenye waya wa resi. Usiiache igongane na injini. Ivishe mfuko wa nailoni na uifunge pembeni.

Kabla ya kutoa skrubu ya mchanganyiko, ile ndogo ya pembeni, izungushe kuelekea ndani taratibu mpaka iguse, huku ukihesabu. Andika: mzunguko mmoja na nusu, miwili na robo, vyovyote iwavyo. Iguse tu, usiikaze. Ncha yake ni kama ya penseli na ukiikandamiza inapanua tundu, na hapo hakuna marekebisho yatakayokaa tena. Ikitoka, hesabu vitu vyake: springi, washa ndogo na oringi (pete ya mpira). Oringi hiyo mara nyingi hubaki ndani ya tundu, watu wakadhani haikuwepo.

Geuza kabureta, toa bakuli, sukuma pini ya boya kwa kitu chembamba, nyanyua boya pamoja na sindano yake. Kisha jeti kubwa ya katikati, nozeli iliyo chini yake, na jeti ndogo iliyo kando. Kwenye baadhi ya kopi jeti ndogo imegongomewa, haina mkato wa bisibisi. Hiyo iache mahali pake, utaisafisha ikiwa hapo hapo. Gonga mwili wa kabureta kiganjani ili mrija wa sindano udondoke, maana kwenye baadhi ya PZ unakaa peke yake juu ya nozeli na ndio unaopotea.

Sasa kwenye jeti, hapa ndipo kabureta nyingi zinapouawa. Namba ya jeti inakaribia kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita: jeti kubwa ya 105 ni kama milimita 1.05, jeti ndogo ya 38 ni kama milimita 0.38. Tundu la 0.38 linazibwa na chembe moja ya kutu. Lakini pia linaharibiwa na sindano ya cherehani au waya wa breki, kwa sababu shaba nyeupe ni laini kuliko chuma. Ukilipanua kidogo tu, jeti ya 38 imekuwa ya 42 na bado imeandikwa 38. Tumia uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya laini wa umeme, au unywele wa brashi ya nailoni. Loweka kwanza kwenye dawa kwa dakika kumi, pitisha uzi, puliza, kisha inua jeti uitazame dhidi ya mwanga. Unatakiwa kuona duara safi. Ukiona umbo la mwezi mchanga, bado kuna gundi ya mafuta yaliyolala.

Jeti zikiwa safi, kazi haijaisha. Uchafu mkaidi uko kwenye njia za ndani ya mwili. Tazama koo la kabureta upande wa injini, pale slaidi inapoishia: kuna matundu mawili au matatu madogo sana. Hayo ndiyo ya sailensa. Puliza dawa kwenye tundu la jeti ndogo na uone inatoka kwenye kila moja. Puliza na kwenye tundu la hewa la mdomo wa upande wa chujio. Njia isiyotoa dawa imeziba, hata kama kwa nje kila kitu kinang'aa. Malizia kwa upepo wa kompresa, lakini mipira yote na boya viwe vimetolewa.

Kuhusu ripea kiti (pakiti ya vipuri vya kabureta) ya dukani, chukua mipira na sindano ya boya. Jeti za asili zirudishe kama hazijachezewa. Jeti za kiti za bei ya chini hazilingani kila mara na namba zake, na ukizifunga zote kwa pamoja hutajua ni ipi iliyoleta tatizo jipya.

Boya litikise sikioni. Likilia maji ndani, limetoboka. Lizamishe kwenye maji ya moto. Mapovu yatakuonyesha ufa. Sindano ya boya iangalie ncha: ikiwa na pete iliyochorwa na kuzama, haizibi tena. Baada ya kuirudisha, geuza kabureta juu chini na upulize kwa mdomo kwenye mrija wa mafuta. Hewa isipite. Igeuze wima, boya lianguke, hewa ipite bila shida. Jaribio hili la sekunde kumi linakuepusha na kufungua tena.

Kisha kagua uso unaokutana na manifoldi. Uweke juu ya kioo. Ukiyumba, umepinda kwa sababu fundi aliyepita alikaza nati kama za gurudumu. Bandika msasa namba 400 kwenye kioo, sugua uso huo kwa miduara mpaka alama ziwe sawa kote, safisha, weka oringi mpya. Silikoni usiweke hapo. Petroli inailainisha na vipande vyake vinaingia injini.

Kurudisha ni kinyume cha kufungua, isipokuwa slaidi inataka akili. Ina mkato wa mshazari chini; mkato huo utazame chujio la hewa. Mfereji wake mrefu uingie kwenye kipini kilicho ndani ya koo. Ukiiingiza kinyume haitashuka mpaka chini, na pikipiki ikiwaka itapiga resi peke yake. Kwa hiyo kabla ya kupiga kiki, zungusha resi na uachie: lazima usikie "tak" ya slaidi ikigonga chini. Geuza usukani kushoto na kulia, urudie. Waya uwe na mchezo wa milimita 2 hadi 6 kwenye mkono. Klipu ya sindano ya slaidi iweke mfereji wa kati. Ukiipandisha klipu, sindano inashuka na mafuta yanapungua, ukiishusha, yanaongezeka.

Fungua koki, subiri dakika mbili, tazama mpira wa kumwagia wa chini. Ukidondosha, sindano ya boya imebana uchafu au skrubu ya bakuli haikukazwa. Kama kabureta ilikuwa ikifurika kwa siku kadhaa, chomoa kijiti cha oili ukinuse. Ikinuka petroli, mwaga oili kwanza. Oili iliyochanganyika na petroli inakula injini kwa safari chache tu.

Sailensa rekebisha injini ikiwa ya moto, baada ya kuendesha dakika kumi. Skrubu ya mchanganyiko ikiwa upande wa chujio la hewa, inapima hewa, na kuifungua kunapunguza mafuta. Ikiwa upande wa injini, inapima mafuta, na kuifungua kunaongeza. Kwa vyovyote, izungushe robo robo mpaka upate mlio wa juu na laini kuliko wote, kisha ishushe sailensa kwa skrubu ya slaidi (ile nyingine ya nje, inayoizuia slaidi isishuke kabisa) hadi mizunguko kama 1,400 kwa dakika. Asiye na mita atumie sikio: ikae bila kutetemeka, na ukizungusha resi ghafla isikohoe.

Ikiwaka kwa choki (kizibo cha kupunguza hewa) tu, jeti ndogo bado imeziba au hewa inaingia kwenye manifoldi. Nyunyizia maji ya sabuni pale kwenye kiungo injini ikiwa sailensa. Mlio ukibadilika, hewa inapita hapo. Ikiwa sailensa ni nzuri lakini inakosa nguvu ukifungua resi yote, rudi kwenye jeti kubwa na koki. Plagi nyeusi yenye masizi ni mafuta mengi. Nyeupe ni hewa nyingi. Rangi ya kahawia hafifu ndiyo unayoitaka. Pikipiki iliyosetiwa Dar es Salaam ikipelekwa Mbeya, iliyo mita zipatazo 1,700 juu ya bahari, itaanza kuchafua plagi kwa sababu hewa ya huko ni nyepesi. Pandisha klipu ya sindano mfereji mmoja, ikibidi jeti kubwa ipungue namba moja.

Na chujio dogo la plastiki la kwenye mpira wa mafuta lina mshale. Uelekee kabureta. Kama tenki lina kutu ndani, lisafishe wiki hiyo hiyo, la sivyo jeti ya 38 itaziba kabla oili haijafika zamu yake ya kubadilishwa.