Plagi iliyonicheza shere

Jamani, leo mashine yangu ya kuchonga imetulia! Nilianza na draiva ndogo za A4988, vile vibao vya kuendeshea mota, nimefuata urahisi wa bei. Mota zangu zinataka ampea 2.8, kidude kile bila ya kipoza joto kinaishia kama ampea 1. Kikawa kinaunguza kidole, mota zinaruka hatua, yaani hazifiki pale zilipoamriwa, ua la nakshi ya mlango likatoka limejikunja kama jongoo. Na ubao wenyewe mfenesi, roho iliniuma.

Nikahamia draiva yenye nguvu zaidi, TB6600. Ya kwanza nikaiua kwa mkono wangu: plagi ya mota imelegea, nikaichomoa umeme ukipita. Pu! Sasa nimefunga plagi za GX16, zile za duara zinazokazwa kwa kuzungusha, nyaya nimezitia lehemu. Hewa ya chumvi hapa Malindi haijazigusa bado.