Mombasa ya Angani

Nimezaliwa na kulelewa Mombasa, lakini nilikuwa mtu mzima nilipofahamu kwamba jina la mji wetu limepewa pia jiwe linalolizunguka Jua katikati ya Mirihi na Mshtarii. Ni asteroidi nambari 1428, iliyogunduliwa tarehe 5 Julai 1937 na mwanafalaki Cyril Jackson, mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi katika kituo cha Union Observatory, Johannesburg. Siku tatu kabla yake Jackson alikuwa amegundua nyingine, ndogo zaidi, nayo ikaja kuitwa Pemba.

Enzi hizo asteroidi zilisakwa kwa picha. Sehemu moja ya anga ilipigwa picha kwenye bamba la kioo, ikapigwa tena baada ya muda, kisha mabamba hayo yakalinganishwa kwa subira kubwa, maana nyota hubaki mahali pake na kinachotafutwa ni kinukta kilichohama. Hapo kazi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, kwani ilibidi nafasi ya kinukta hicho ipimwe usiku baada ya usiku hadi njia yake ikokotolewe, ndipo kipewe nambari ya kudumu na jina. Hadi wakati huo Mombasa ilijulikana kama 1937 NO, ambapo N ni alama ya nusu ya kwanza ya Julai.

Upana wake unakadiriwa kuwa kilomita 55 hivi, karibu sawa na mwendo wa barabara kutoka Mombasa hadi Kilifi. Hulizunguka Jua kwa takriban miaka 4 na miezi 9, ikiwa mbali nalo kwa wastani wa kilomita milioni 420. Uso wake una kaboni nyingi na ni mweusi kama makaa.

Linalonivutia kuliko yote ni siku yake. Hata kwenye darubini nzuri huonekana kama nukta tu, lakini mwangaza wa nukta hiyo hupanda na kushuka kwa mpangilio, kwa kuwa jiwe lenyewe si mviringo kamili: likitugeuzia ubavu mpana hung'aa zaidi, likitugeuzia ubavu mwembamba hufifia. Kwa kuufuatilia mwangaza huo, wanafalaki wamebaini kwamba hujizungusha mara moja kwa muda wa karibu saa 17. Basi Jua likichomoza huko wakati muadhini anaadhini alfajiri hapa Mji wa Kale, litachomoza tena mnamo saa nne za usiku wetu.